Namna ya kuisikia lafudhi yako kama wanavyoisikia wengine

Anayetaka kujua lafudhi yake inavyosikika asitegemee kujisikiliza akiwa anasema, kwa kuwa sauti yake humfikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa hiyo huipa uzito ambao msikilizaji wake hausikii. Jirekodi kwa simu. Usisome maandishi, maana asomaye hujirekebisha. Simulia jambo lililokupata, kwa dakika tano hivi, kisha uiache rekodi hadi kesho yake ndipo uisikilize.

Unaposikiliza, kalamu iwe mkononi, nawe uandike kila neno kama lilivyotoka kinywani, si kama lilivyo katika kamusi. Mimi nilikulia Usukumani, na sikuwahi kujishuku hata siku moja, hadi nilipoitazama karatasi yangu na kukuta nimeandika "kalibu" mara tatu.

Kisha jipime kwa maneno yanayokaribiana: thamani na samani, dhana na zana, kura na kula. Hapa usipapite haraka. Anayesema amepiga "kula" ataeleweka, kwa kuwa kitenzi kinamsaidia, lakini anayesema wazee wanajadili "mahali" atadhaniwa kuwa wanatafuta ukumbi, kumbe wanapanga mahari.

Baada ya hapo, mtafute msikilizaji. Ukimwuliza kama unatamka vizuri ataona haya kukuvunja moyo. Afadhali umwombe akisie umetokea wapi, halafu akutajie neno lililomjulisha. Waulize watu wa sehemu mbalimbali, kwa sababu kila sikio lina malezi yake: Mswahili wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayoisindikiza p ya huyo mnyama, tofauti ambayo wengi wetu wa bara hatuitambui hata tukirudiwa. Ni kweli kwamba Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, lakini uteuzi huo haukumfanya mtu wa Mombasa, wala wa Lubumbashi, awe amekosea kwa kusikika kama watu wa kwao.

Ukishayapata maneno yanayopoteza maana, yafanyie mazoezi hayo peke yake, na baada ya mwezi mmoja usimulie upya kisa kilekile mbele ya msikilizaji yuleyule.