Kumwaga oili ya IST nyumbani: galoni ya lita 4 haiishi yote

Ukitaka kuwagombanisha wapenda magari, uliza tu Toyota IST iwekwe oili gani. Mmoja atakuapia 5W-30, wa pili atasema 20W-50 "maana Dar kuna joto", na hatakosekana mzee wa oili nzito ya namba 40. Watabishana mpaka chai ipoe, na ukienda kufungua boneti zao utakuta kijiti cha kupimia oili hakijachomolewa tangu gari litoke bandarini.

Naanza na kijiti kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. IST ya cc 1500 ina injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi. Ukibadilisha na filta, inabeba lita 3.7. Dukani oili inauzwa kwa galoni ya lita 4, na fundi mwenye haraka anamimina galoni yote kwa kuwa umeshailipia. Hiyo lita 0.3 peke yake haiui injini. Tatizo ni kwamba oili ya zamani mara nyingi haikutoka yote, kwa hiyo inazidi juu ya iliyozidi. Ikijaa sana, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Tafuta spana ya boksi namba 14, filta mpya, washa mpya ya bolti (ile pete ya kuzuia uvujaji), karai, funeli, kitambaa, jeki na stendi mbili.

1. Pasha injini. Iwashe dakika tano, zima, subiri kumi. Oili yenye uvuguvugu inatoka haraka na uchafu wake. Ya moto kabisa itakuunguza mkono.

2. Nyanyua gari. Handbreki juu, mawe nyuma ya tairi. Uani kwetu ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mgumu chini ya jeki, la sivyo itazama taratibu nawe uko chini. Weka stendi, sukuma gari kwa mkono uone kama linacheza, ndipo uingie. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tofali la bloku nalo usiliamini. Hupasuka bila taarifa.

3. Mwaga. Fungua kifuniko cha juu cha kumiminia oili, kisha bolti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Ukiwa umelala chali, kulegeza na kukaza vinakuchanganya, na wengi wameharibu nyuzi hapo. Ikiwa bolti inazidi kuwa ngumu, simama ufikiri. Iache oili ichuruzike mpaka yawe matone.

4. Filta. Legeza ya zamani, kisha itazame mdomoni: mpira wake upo? Siku moja sikutazama. Mpira ulibaki umeganda kwenye injini, nikafunga filta mpya juu yake, mipira miwili ikabebana. Nilipowasha, oili ilitapakaa uani kote. Bahati nilikuwa bado sijaondoka. Pangusa sehemu ya kukalia, paka mpira mpya oili kwa kidole, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

5. Rudisha bolti pamoja na washa yake mpya. Ianze kwa vidole, kisha ikaze kiasi. Wanaotumia spana ya kupimia nguvu ya kukaza wanaweka kama Nm (nyutoni-mita) 37, ambayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sampu ikishaliwa nyuzi, hasara yake inapita bei ya oili.

6. Mimina lita 3.5, siyo galoni. Washa nusu dakika, hakikisha hakuna kinachovuja, shusha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Ongeza kidogokidogo mpaka ikaribie alama ya juu.

Sasa ule ugomvi. Mimi naweka 5W-30. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, na moto wa ndani ya injini unasimamiwa na thamostati, haujali sana kama uko Tanga au Tokyo. Zaidi ya hapo, VVT-i ya injini hii, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, inaendeshwa kwa msukumo wa oili inayopita kwenye vinjia vyembamba. Wenye hoja ya maana upande wa pili ni wale ambao injini zao zinakula oili. Nawaelewa, oili nzito inapunguza moshi. Lakini tazama moshi wenyewe: wa bluu asubuhi unapowasha, kisha ukakata, mara nyingi ni siili za vali, unaofuata gari njia nzima, shuku ringi za pistoni. Ukiufunika kwa oili nzito, utakuja kuukuta siku ya kuuza gari.

Mimi namwaga kila kilomita 5,000, kwa foleni zetu. Kupima ni kila Jumamosi, kabla injini haijawashwa. Usisubiri taa nyekundu ya oili, kwani kazi yake ni kukuambia msukumo umeshuka, haipimi kiasi kilichobaki. Ikiwaka ukiwa barabarani, egesha na uzime papo hapo. "Nifike kituoni kwanza" ndiyo iliyonokisha injini nyingi.

Oili chafu irudishe kwenye vidumu na umpelekee fundi anayeikusanya, usiimwage mtaroni. Na ile kidogo iliyobaki kwenye galoni kaza kifuniko chake, iweke kwenye buti. Ndiyo utakayoongezea Jumamosi ambayo kijiti kitasoma chini.