Panga masomo na kazi yako kwa simu, ukiwa Kigoma

Usianze na kozi. Swali la "kozi gani ina ajira?" nalisikia kila wiki hapa Mwanga, na jibu lake halikai muda mrefu. Anza na tangazo la kazi, kisha rudi nyuma hadi kwenye masomo.

Hatua ya 1: Kusanya matangazo. Ingia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, upakue matangazo kama matano ya kazi unayoitaka. Hata yaliyopitwa na muda yanafaa. Hapa huombi kazi, unasoma sifa.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali. Google Sheets inatosha, haina malipo. Weka safu nne: sifa inayotakiwa, ninayo au sina, ushahidi uko wapi, nitaipata lini na kwa shilingi ngapi.

Tuchukue fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Anafungua kabureta na kuirudisha huku mwenye boti akimfokea, na injini inawaka. Safu ya pili anaandika "ninayo". Ya tatu iko tupu, hana karatasi yoyote. Wengi wakifika hapo wanaandika "kurudi chuo miaka miwili". Subiri kwanza! VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: unapimwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. Hicho ndicho kiandikwe safu ya nne, baada ya kuwauliza gharama na tarehe.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi. Fungua folda Google Drive. Skani vyeti kwa kamera ya simu, uvihifadhi kama PDF. Angalia majina: yafanane na ya NIDA herufi kwa herufi. Kumbuka pia matangazo ya serikali hukataa "result slip" ya kidato cha nne. Wanataka cheti chenyewe. Fundi aongeze picha za kazi, kabla na baada, kwa ruhusa ya mteja.

Hatua ya 4: Jipime. O*NET Interest Profiler ni kipimo cha mtandaoni cha Marekani. Kina maswali 60 na ni bure, ila ni cha Kiingereza. Kinakuonyesha unaelekea kazi za aina gani. Mishahara utakayoikuta humo iache hukohuko Marekani. Wapo wanaoanza na kipimo hiki. Mimi nakiweka hapa kwa sababu mtu akishaliona jedwali lake hujibu kwa ukweli zaidi.

Programu za akili mnemba nazo zinasaidia: bandika jedwali, uliza pengo lipi lizibwe kwanza. Usibandike namba ya NIDA. Ada na tarehe ikikutajia, usiziamini. Piga simu chuoni, na uhakikishe chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye kalenda ya simu. Fuata mzunguko wa kazi yako. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo fundi wetu aweke masomo siku hizo. Weka kengele ya kulipitia jedwali kila miezi mitatu. Kama unalenga serikalini, andika juu kabisa mwaka utakaotimiza miaka 45, maana matangazo mengi yana ukomo huo.

Mwisho, ruhusu faili la jedwali lifunguke bila intaneti, hasa kama unakaa vijiji vya mwambao ambako mtandao unakuja na kuondoka.