Kusafisha na kukagua dohani ya nyumba ya zamani: yasome masizi kabla ya kuyashusha

Mwanza hatuwashi moto sebuleni kuota baridi, ndiyo maana wengi hudhani dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa, ni pambo lililoachwa na wakoloni. Lakini pita Isamilo, Capri Point, kwenye nyumba za zamani za reli au za misheni kandokando ya ziwa, utaziona bado zimesimama juu ya mabati: dohani ya jiko la kuni, ya tanuri la mikate, ya lile pipa la nje la kuchemshia maji ya kuoga. Nyingi zinatoa moshi kila siku, na nyingi hazijawahi kuchunguliwa ndani tangu mwenye nyumba wa kwanza alipoondoka.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza kazi hii, na pia wa mwenye nyumba anayetaka kujua fundi wake anapaswa kufanya nini. Jambo moja naliweka mbele ya mengine yote. Mafundi wengi wakifika wanaingiza brashi moja kwa moja, wanashusha masizi, wanalipwa, wanaondoka. Masizi hayo ndiyo yanayoeleza ni kuni gani zinachomwa, maji ya mvua yanaingilia wapi, na kama dohani imewahi kushika moto kwa ndani bila watu kujua. Ukiyafagia kabla ya kuyatazama, umefuta ushahidi.

Hatua ya 1: Chagua msimu na saa

Fanya kazi hii kati ya Juni na Agosti, kabla ya vuli. Masizi makavu hushuka yenyewe. Yaliyolowa hunata ukutani na brashi inayapaka tu. Panda juu asubuhi. Ikifika mchana upepo wa ziwani unaanza kuvuma kuja nchi kavu, na hapo utarudishiwa masizi jikoni, tena aliye juu ya bati hatasimama kwa amani.

Moto uwe umezimwa tangu siku moja kabla. Usiyaamini majivu kwa kuyagusa juu, kwa sababu chini yake kaa hukaa hai muda mrefu. Yachote yote, uyatie kwenye debe la bati.

Jiko linalopika kwa kuni kila siku lisafishwe mara mbili kwa mwaka. La kuwashwa mara mojamoja, mara moja kwa mwaka inatosha, ila ukaguzi usikose hata kama halikuwashwa kabisa. Ndege na nyuki hawangoji moto.

Hatua ya 2: Jikinge

Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani ilikuwa inawapata wasafishaji wa dohani kwa sababu ya masizi yaliyokuwa yakinasa mwilini mwao. Wengi walikuwa wameianza kazi utotoni, wakitumwa kupanda ndani ya dohani. Leo masizi yamo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi. Vaa barakoa yenye chujio, miwani inayoziba pembeni, glavu, na ovaroli ya mikono mirefu. Oga kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kabla ya kupanda, tazama paa. Nyumba kadhaa za zamani zina paa la asbesto, lile la kijivu lenye mawimbi mapana. Usilikanyage wala kulitoboa: huvunjika ghafla, na vumbi lake linaharibu mapafu. Hapo kazi ifanyikie chini, jikoni.

Hatua ya 3: Muulize anayepika

Asiyepika hajui dohani yake. Nikifika na kusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," swali langu la kwanza huwa kwa anayekaa jikoni: moshi unarudi saa ngapi?

Nyumba moja pale Isamilo mama alinijibu, "Asubuhi hauna shida mwanangu, ila jioni nikipika ugali natoka machozi." Jibu hilo lilinipa nusu ya kazi. Dohani iliyoziba hurudisha moshi saa zote. Inayorudisha jioni tu ina ugomvi na upepo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na jiwe la kawaida la Mwanza, refu kuliko paa, hatua chache tu kutoka dohani. Upepo wa ziwani ulikuwa unapanda jiwe lile na kuporomoka upande wa pili, moja kwa moja juu ya mdomo wa dohani. Brashi isingemsaidia mama yule hata ningesugua wiki nzima. Alihitaji dohani iongezwe urefu na kuvikwa kofia ya bati yenye uwazi pembeni.

Kanuni ya urefu iweke kichwani: mdomo wa dohani uzidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Jiwe au mti mkubwa huweza kusumbua hata ukiwa mbali zaidi ya hapo.

Uliza pia kama jikoni hunuka moshi mvua inaponyesha, hata jiko likiwa halijawashwa. Ikiwa ndivyo, maji yanaingia, na maji yakichanganyika na masizi hutoa asidi inayokula chokaa ya kwenye viungo vya matofali na kutoboa mabati.

Hatua ya 4: Yasome masizi

Chukua tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo. Kilaze kioo chini ya mdomo wa ndani, umulike juu. Kisha kwangua kidogo kwa kisu butu sehemu tatu: chini, katikati kama kuna mlango mdogo wa kutolea masizi, na juu. Kila mkwanguo uweke kwenye karatasi yake.

Unga mweusi mlaini unaopeperuka ni habari njema. Moto unapumua, kuni ni kavu. Ukifikia unene wa milimita 3, ni wakati wa kusafisha.

Magamba meusi magumu kidogo, yanayovunjika kwa kucha, yanaonyesha moshi unapoa kabla ya kutoka. Moshi wa kuni umebeba mvuke na mafuta mazito, na ukikutana na ukuta wa baridi huganda hapo. Sababu ya kawaida kwetu ni kuni mbichi. Mikaratusi iliyokatwa juzi huuzwa ikiwa bado inatoka maji, na moto wote unaishia kuyachemsha. Kuni iliyokauka vizuri ina maji yasiyofika asilimia 20. Ina nyufa kwenye vichwa vyake na ukigonganisha vipande viwili hulia kwa sauti ya juu. Pasua, panga chini ya banda, acha upepo upite miezi sita au zaidi.

Lami nyeusi inayong'aa, iliyotiririka na kugandia ukutani, ni hatari. Hiyo ni kriosoti iliyoiva, yaani yale mafuta mazito ya moshi yaliyoganda, na brashi haiwezi kuitoa. Ikishika moto, ndani ya dohani joto hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Jiko la namna hii mwambie mwenyewe asiliwashe tena mpaka lami iondolewe taratibu kwa vikwangulio, na mara nyingine kwa kubomoa kipande cha dohani na kukijenga upya. Usikubali ushauri wa "kuichoma itoke". Ndivyo nyumba zinavyoteketea.

Alama ya nne hupitwa na wengi: masizi yaliyoumuka, mepesi, yenye vitundu na rangi ya kijivu. Hayo ni mabaki ya moto uliokwisha kuwaka humo ndani. Waulize wenyeji kama waliwahi kusikia mvumo mkubwa ukutani, kama wa lori linalopanda mlima. Mara nyingi watakuambia ndiyo, walidhani ni upepo. Ukiyakuta, jua kuna tofali lililopasuka mahali fulani, na kazi yako leo ni kulitafuta.

Hatua ya 5: Wakazi wa dohani

Mbayuwayu, popo, bundi, nimewakuta wote. Kiota kikavu kitolewe kwa mkono kutoka juu, kwa sababu ukikisukuma kwa brashi kitajikusanya kwenye kona na kuziba kabisa. Kama kuna makinda, subiri waruke.

Nyuki ni habari nyingine. Usiwashe moto kuwafukuza na usimwage petroli. Nta huyeyuka, hutiririka mpaka jikoni na kuwaka. Mwite mfugaji nyuki aje jioni awahamishe, masega yote yatoke, ndipo uendelee.

Hatua ya 6: Piga brashi

Funika mdomo wa jiko kwa turubai lililobanwa kwa mbao na utepe wa gundi, ukiacha tundu la fimbo kupita. Toa vyombo na vyakula jikoni. Brashi iwe na umbo la dohani, ya duara kwa duara na ya mraba kwa mraba, na iizidi kidogo kwa upana ili ibane pande zote. Kwenye matofali ya zamani anza na nyuzi ngumu za plastiki. Waya wa chuma ni kwa magamba yaliyokataa, na upitishwe kwa staha, kwa sababu chokaa ya miaka mingi hutoka pamoja na masizi.

Fimbo za kuunganisha kwa skrubu zizungushe kulia siku zote, wakati wa kupanda na wa kushuka. Ukizungusha kushoto zinafunguka, na brashi inabaki juu humo. Panda nusu mita, rudi kidogo, panda tena. Msaidizi asimame nje aseme brashi ikichungulia. Usikome kabla hujasikia neno lake.

Acha vumbi litue walau nusu saa kabla ya kufungua turubai. Masizi yaende kwenye debe lenye kifuniko. Yasimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia ziwani, wala yasitiwe kwenye bustani ya mchicha.

Hatua ya 7: Kagua mara ya pili

Sasa ukuta uko wazi. Funga simu yenye kamera kwenye fimbo, washa taa yake, irekodi video ikipanda polepole. Tazama viungo vya matofali, tofali lililohama, ufa unaokwenda wima. Nje, gonga dohani kwa mpini wa mbao: sauti ya uwazi ina maana plasta imeachia.

Halafu ingia darini. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote, na ndipo mafundi wengi hawafiki kwa sababu ya joto na kinyesi cha popo. Tafuta mbao zinazogusa dohani. Panatakiwa nafasi ya sentimita 5 isiyo na kitu. Mbao inayopashwa joto mwaka hadi mwaka hugeuka kahawia, kisha nyeusi, na ikifika hapo hushika moto kwa joto ambalo ubao mpya ungelivumilia. Pitisha kidole. Kikitoka cheusi, na masizi hayo hayakutoka kwenye ufa wa dohani, ubao wenyewe unaungua polepole. Ukatwe na paa lishikizwe upya kabla ya jiko kuwashwa.

Hatua ya 8: Jaribio la moshi

Washa karatasi na majani yenye unyevu kidogo jikoni, moshi ukishapanda msaidizi afunike mdomo wa juu kwa gunia lililolowa. Watu wote wawe nje, madirisha wazi. Wewe zunguka: ukutani, darini, chumba cha jirani. Kila panapotoka moshi weka alama ya chaki. Dakika chache zinatosha, kisha gunia litolewe.

Usilipuuze tundu dogo. Moshi unaonekana na unanuka, lakini kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haionekani wala hainuki, na mkaa huitoa kwa wingi bila moshi wowote. Familia inayoamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu, wakapata nafuu wakitoka nje, itoke humo ndani na dohani ikaguliwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kuziba

Viungo vya dohani ya zamani vizibwe kwa chokaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Saruji tupu ni ngumu kuliko tofali lile. Joto likipanda na kushuka, tofali ndilo litakalopasuka. Ndani ya jiko, panapoguswa na moto, udongo wa kichuguu uliopondwa vizuri unafanya kazi nzuri. Acha ukauke kivulini.

Hatua ya 10: Moto wa kwanza

Mpe mwenye nyumba picha na tarehe, umwonyeshe kila alama ya chaki. Kisha washeni pamoja moto mdogo wa kuni kavu. Kwanza choma gazeti moja karibu na mdomo wa dohani, hewa ya baridi iliyokaa humo ipate kusukumwa nje, ndipo uwashe vijiti.

Kabla hujaondoka, mfundishe kila anayepika: ukisikia mvumo ndani ya dohani, funga mlango wa jiko na matundu ya hewa, toa watu nje, piga 114 kuwaita Zimamoto. Maji yasimwagwe kwenye dohani iliyowaka, kwa sababu matofali yatapasuka na mvuke utamrudia aliyemwaga. Na hata moto huo ukizimika wenyewe, jiko lisiwashwe tena mpaka fundi apande darini.