Waya kwanza, jiko baadaye: kabla hujahama kutoka gesi kwenda induksheni hapa Uingereza

Kwa miezi minne jiko langu jipya lilikaa chini ya ngazi, ndani ya boksi lake, na watoto wakawa wanapanga viatu juu yake. Jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, mafiga manne, kioo cheusi kinachong'aa, pauni 289 baada ya kushushwa bei. Siku nalilipia nilijiona mjanja wa Leicester nzima. Nilichokuwa sijui ni kwamba nyumba yangu haikuwa na waya wa kuliwasha.

Nieleze vizuri, maana ndipo nilipoumia na ndipo wengi wetu watakapoumia.

Nilikuwa na jiko la gesi, lile la kuzamishwa kwenye meza ya jikoni. Nikafungua kabati chini yake na tochi ya simu. Nikaona bomba la gesi, na pembeni yake waya wa umeme umeingia ukutani. Nikajiambia, basi umeme tayari upo, fundi atachomoa hili na kuchomeka lile. Ule waya, ndugu zangu, ni wa cheche tu. Kazi yake ni kuwasha moto ukibonyeza kitufe, na unapita kwenye fyuzi ya ampea 3. Jiko la induksheni la mafiga manne, yote yakiwaka, linaweza kuvuta kilowati 7.2. Kwa umeme wa hapa wa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 31. Linataka waya wake peke yake, mnene, mara nyingi wa milimita 6 za mraba, unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi mpaka jikoni, na swichi yake ya ampea 32. Plagi ya kawaida ya hapa ni ampea 13. Piga hesabu mwenyewe.

Vijana walioleta jiko waliangalia kabatini, wakatikisa kichwa, wakaliacha boksi sebuleni wakaondoka. Fundi umeme alikuja wiki iliyofuata. Akakuta boksi la fyuzi ni la zamani na halina nafasi ya swichi nyingine. Boksi jipya, pauni 640. Waya, pamoja na kung'oa mbao za sakafu ya korido, pauni 410. Fundi gesi wa kuziba bomba, pauni 85. Jiko la pauni 289 likanigharimu zaidi ya 1,400, na ndiyo maana lilikaa chini ya ngazi miezi minne: nilikuwa nachanga.

Usinunue jiko kabla fundi umeme hajaangalia waya na boksi la fyuzi. Narudia kwa sababu najua utasoma hapa, kisha Jumamosi utaona punguzo utasahau. Waya kwanza.

Nikajaribu kulirudisha. Hapa kuna mtego wa pili, mdogo lakini unauma. Ukinunua kitu kwa mtandao, sheria ya hapa inakupa siku 14 tangu kikufikie za kubadili mawazo, bila kueleza sababu. Ukienda mwenyewe dukani ukakishika, ukakipenda, ukalipa, haki hiyo huna, labda kitu kiwe kibovu au duka liwe na huruma zake. Mimi nilikwenda dukani, maana nimelelewa kwamba kitu cha thamani hununui bila kukigusa. Jiko halikuwa bovu. Ubovu ulikuwa wa nyumba yangu. Kwa hiyo kitu kikubwa kama hiki nunua kwa mtandao hata kama duka liko jirani, na boksi usilifungue mpaka fundi amesema ndiyo.

Sasa upande wa gesi. Shem wangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Dar. Akasikia bei ya kuziba bomba akashika kiuno. "Shemeji, pauni themanini na tano kufunga koki? Mimi nyumbani nabadilisha mtungi huku naongea na simu. Nipe spana." Nampenda shem wangu, lakini mtungi wa kilo 15 ukivuja unaubeba unautoa uani. Bomba la hapa limeungana na mtaa mzima. Na kisheria anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo kwa malipo ni fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi gesi, basi. Mwombe kadi yake, kisha igeuze: nyuma imeandikwa ni kazi zipi amefuzu. Anayefaa boila, ule mtambo wa kupasha nyumba na maji, si lazima awe anafaa majiko. Hata kwa umeme ni hivyo hivyo, kwa England waya mpya wa aina hii lazima uarifiwe halmashauri, au ufungwe na fundi aliyesajiliwa anayejithibitishia kazi yake mwenyewe. Chukua cheti, kiweke na hati za nyumba. Siku ya kuuza utaulizwa.

Mwanzoni niliona huu ni ulaji tu wenye tai. Waingereza wanaiamini karatasi kuliko mkono wa mtu. Fundi mwenye miaka 30 ya kazi bila kadi kwao ni mtu wa mitaani. Nimebishana nao miaka yote hii. Lakini pia sijawahi kusikia jirani yangu hapa akiunga nyaya kwa gazeti na selotepu, na nyumbani nimeona. Kwa hiyo nimenyamaza nusu.

Kama nyumba ni ya kupanga, yote haya si yako: mwandikie mwenye nyumba, subiri jibu la maandishi, usiguse chochote.

Je, bili itashuka? Mitandaoni wanaapa. Hesabu ni hii. Uniti moja ya umeme hapa inauzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Induksheni haipotezi moto, kiasi cha asilimia 85 au zaidi ya nguvu yake inaingia kwenye sufuria, wakati gesi zaidi ya nusu inapasha hewa ya jikoni. Ukiviweka pamoja, kwa chakula kile kile induksheni bado inakuja juu. Watu husema, lakini utaokoa ile ada ya kila siku ya mita ya gesi, karibu senti 30 kwa siku, zaidi ya pauni 100 kwa mwaka. Utaokoa ukiwa na nini cha kupasha nyumba na maji ya kuoga? Boila yako bado inakunywa gesi. Mita ipo, ada ipo. Mimi niliitia hiyo pauni 100 kwenye bajeti kabla sijafikiria boila. Usicheke.

Sufuria. Zile za alumini tulizobeba kwenye mabegi, namba tatu mpaka namba saba, induksheni haizitambui kabisa. Jiko litalia pii pii kama mtoto wa chekechea. Chukua sumaku ya friji, ibandike kitako cha sufuria, ikishika, inapika. Chuma kizito cha chapati kinafaa sana. Karai la mviringo halifai, halina kitako cha kukalia. Chungu cha udongo sahau. Hapa Leicester tuna bahati ya Belgrave Road, ambako maduka ya vyombo yana kila kitu, na baadhi ya wazee wake ni Wahindi waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972. Ingia useme "shikamoo" uone sura inavyobadilika. Punguzo la lugha lipo.

Ugali ni shughuli. Sufuria haina kishikio cha kuibana, kioo kinateleza, ukisonga kwa nguvu unazunguka nayo jikoni. Nimejifunza kuteremsha sufuria, kusonga juu ya kitambaa kilicholowa mezani, kisha kurudisha. Majiko haya yalibuniwa na watu ambao mapishi yao makali ni kupasha maharage ya kopo, sitaki kuwasema zaidi. Lakini wali unakauka vizuri kwa moto mdogo, maji yanachemka haraka ajabu, na mtoto akigusa pembeni haungui vile. Mzazi aliyewekewa kifaa cha mapigo ya moyo asiisogelee chini ya sentimita 60.

Ushauri wangu kwa anayesitasita: nunua jiko dogo la induksheni la figa moja, la kubebeka, lile la plagi ya kawaida. Lichomeke ukutani, usitumie eksteshen. Pika nalo mwezi mzima ukiwa bado na gesi yako. Kama nyumba yako mna shughuli na sufuria za watu arobaini kila Eid, huenda ukabaki na gesi, na hakuna aibu. Kama umeridhika, mwite fundi umeme. Kabla ya duka. Kabla ya punguzo.

Shem sasa analitaka lile jiko letu la gesi, liingie kwenye kontena la kwenda Dar. Nimemwambia asilifunge hivi hivi. Gesi ya bomba hapa ni methani, mtungi wa nyumbani ni propani na butani, yenye nguvu zaidi na inayosukuma kwa presha kubwa. Ukiiunga kwenye nozeli za huku, vile vitundu vya kutolea gesi, moto unapanda mrefu wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi kama za kuni. Lazima abadilishiwe nozeli, zenye tundu dogo zaidi. Majiko mengi huja na pakiti yake ya nozeli za mtungi ndani ya boksi. Ya kwetu niliitupa wiki tuliyohamia, nikidhani ni skrubu zilizozidi.