Maji na umeme katika hoteli ya ufukweni Unguja: mita kwanza, sola baadaye

Hoteli inayotaka kushusha bili, iwe Kiwengwa, Paje au Jambiani, itoe fedha ya kwanza kwa mita za maji. Paneli zitafuata. Kila lita inayopotea imeshavutwa na pampu, pengine imechujwa na kupashwa moto, kwa hiyo anayeziba panapovuja anaokoa na umeme. Mita tano zinatosha kuanzia: kisimani, vyumbani, jikoni na dobi, bwawa la kuogelea, bustanini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikuta mgeni akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mahotelini karibu nusu ya maji ilikwenda kwenye bustani. Meneja asiye na mita huwalaumu wageni wanaooga, kumbe maji yameishia kwenye majani.

Soma mita ya vyumba saa sita usiku, kisha saa kumi alfajiri, wageni wakiwa wamelala. Ikiwa imesogea zaidi ya lita chache kwa kila chumba chenye mgeni, kuna panapovuja, na mara nyingi ni chooni. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja dakika 20 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka. Usibadilishe mpira peke yake: maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, nayo huganda pale mpira unapokalia. Kwangua na siki kwanza, la sivyo mpira mpya utavuja baada ya wiki chache. Boya nalo lishushwe hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia maji yanayozidi.

Bafuni, kinga ndoo ya lita 10 chini ya shawa iliyofunguliwa yote. Ikijaa kabla ya dakika moja, weka kichwa cha lita 7 hadi 8 kwa dakika. Pale maji yanapotoka kwenye simtanki lililo juu kidogo tu ya paa, jaribu chumba kimoja kwanza, kwa sababu presha ndogo pamoja na kichwa chembamba huleta malalamiko.

Kisima

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Chini ya mawe ya matumbawe, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiyashusha kwa pampu, chumvi hupanda kwa uwiano huohuo kadiri muda unavyokwenda. Karibu na ufukwe maji hayo huwa yamesimama chini ya mita moja juu ya bahari, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo sana.

Kisima kikianza kuonja chumvi, wengi humwita mchimbaji ashuke zaidi. Huko ndiko kuifuata chumvi. Pandisha pampu juu, punguza kasi, ongeza saa: lita 1,000 kwa saa kwa muda wa saa 8 ni salama kuliko lita 4,000 kwa saa 2, ingawa jumla ni ileile. Ndiyo maana matangi makubwa na pampu ndogo huendana, na pampu ndogo inaendeshwa vizuri na sola ya mchana. Visima vifupi viwili vilivyoachana ni bora kuliko kirefu kimoja.

Nunua kipimo cha mkononi cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Pima kila wiki mwisho wa kuvuta, na andika tarehe pamoja na hali ya bahari, bamvu (inapojaa na kupwa sana) au maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo), maana namba hubadilika nayo. Zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita maji huanza kutonyweka vizuri, lakini usingoje hapo. Namba inayopanda wiki baada ya wiki ndiyo onyo. Daftari hilo mwonyeshe sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako. Visima vya kijiji vinakunywa kutoka tabaka hilohilo, na hoteli isiyojizuia inawanyima majirani maji ya kupikia.

Mtambo wa kuondoa chumvi uwe wa mwisho. Mikubwa inayorejesha nishati hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000 za maji ya bahari. Midogo isiyorejesha hutumia zaidi ya hapo. Maji machungu yanayobaki yasimwagwe kwenye mashamba ya mwani.

Mvua ni rahisi zaidi. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 400, mvua ya milimita 100 wakati wa masika, toa asilimia 20 inayopotea: lita 32,000. Lita 200 za mwanzo zimwage pembeni, maana zimebeba chumvi ya upepo na vinyesi vya ndege. Makuti yana kazi zaidi: maji yake hutoka ya kahawia na takataka, hivyo lazima yachujwe. Chumbe, hoteli ndogo ya nyumba saba kwenye kisiwa kisicho na kisima, hupata maji yake kwenye mapaa.

Maji moto, kiyoyozi na paneli

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 27 hadi 57 hula uniti 3.5. Hita ya sola ielekee kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15, na chini ya tangi pawe sentimita 30 juu ya ncha ya paneli ili maji yasirudi nyuma usiku. Chagua aina ambayo maji ya paneli hayachanganyiki na ya kuoga, kwani chokaa huziba mirija. Hita ya umeme ya akiba iwekewe saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe, na iwake saa kumi na moja jioni. Ikiachwa wazi asubuhi, itapasha maji kabla jua halijafanya kazi. Tangi likae nyuzi 60 kuzuia bakteria, na koki ya kuchanganya ilinde ngozi ya mgeni.

Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 pamoja na feni. Swichi ya kadi hudanganywa kwa kadi yoyote, hivyo weka swichi ya sumaku mlangoni inayokizima kiyoyozi mlango ukiachwa wazi. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi yenye presha ndogo kila mwezi, na ile inayotazama bahari kila wiki mbili. Mashine ya presha hukunja mapezi, vile vibati vyembamba vya kupoza.

Paneli zifungwe kwa boliti za chuma cha pua aina ya 316, na kipete cha plastiki kati ya chuma na alumini. Zioshwe kwa maji ya mvua, na zikae mbali na kivuli cha minazi. Umeme wa Unguja huja kwa waya chini ya bahari kutoka bara. Umeme huo ulipokatika Desemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu gizani. Kwa hiyo pampu ya kisima, friji za jikoni na taa za njia ziwe kwenye bodi ya umeme ya peke yake, na ukubwa wa betri ukadiriwe kwa bodi hiyo tu.