Ukifunga barua kwa "look forward to", iangalie hiyo "to"

Barua nyingi za kuomba kazi huharibikia mstari wa mwisho kabisa: "I look forward to hear from you." Mtu kapanga aya zake vizuri, halafu anateleza mlangoni akitoka. Inatakiwa iwe "hearing".

Kosa hili linatunasa kwa sababu tangu shuleni tumezoea kwamba "to hear" ni kusikia, basi. Ila "to" hii siyo ile ya "to eat" na "to go". Ni kihusishi kilichoshikamana na "look forward", na baada yake kinataka jina (nomino, yaani neno la kutaja kitu au jambo). Jaribu kuweka jina la kawaida: "I look forward to the interview." Imekaa, sivyo? Basi na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae "-ing": "to meeting you", "to working with you". Jina likigoma, kama kwenye "I want to the interview", ujue hiyo ni "to" nyingine, na kitenzi kinabaki kitupu: "I want to meet you."

Maana ya "look forward to" ni kungojea jambo kwa hamu, kwa hiyo usiipeleke kwenye habari za mazishi (nimeshawahi kuiona huko). Kwa ofisi andika "I look forward". "I'm looking forward" ina ukaribu zaidi, waachie marafiki na wenzako wa kazini. Na "look forward for" ifute kabisa.