Kumwona paramesiamu akifyatua mishale yake

Paramesiamu ni kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye maji yasiyo ya chumvi. Chini ya utando wake kuna maelfu ya vifuko vyenye umbo la karoti, viitwavyo trikosisti, na kila kimoja kimebeba protini iliyobanwa kama springi. Akichokozwa, utando wa kifuko huungana na utando wa seli, kalsiamu huingia, na protini hukunjuka hadi urefu wa mara nane hivi na kuchomoka nje kama mshale. Yote hayo humalizika ndani ya milisekunde chache, kwa hiyo jicho huona matokeo tu.

Kwa aliye Bagamoyo, majaruba ya mpunga ya bonde la Ruvu yanafaa sana. Chota karibu na majani yanayooza, pamoja na tope kidogo. Maji ya ufukweni, au ya kisima kilichoingiliwa na chumvi, hayafai. Vaa mabuti na glavu, na kopo lifunge kwenye fimbo: kichocho kipo huku Pwani.

Chemsha konzi moja ya nyasi kavu katika lita moja ya maji kwa dakika 10. Yakipoa yaache siku mbili ili bakteria wazaliane, maana ndio chakula chenyewe. Kisha mimina nusu glasi ya maji ya jaruba, tia punje nne za mchele, funika kwa kitambaa na uweke kivulini. Chini ya bati la moto watakufa. Baada ya wiki moja hivi weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa: vidoa vyeupe vinavyotembea karibu na uso wa maji ndio wenyewe.

Weka tone moja kwenye slaidi juu ya nyuzi chache za pamba, ili wanase wasikimbie, kisha funika kwa kioo chembamba. Watafute kwa ukuzaji wa mara 100, halafu panda hadi 400. Hapo punguza mwanga kwa kubana tundu lililo chini ya meza ya hadubini. Wengi huacha mwanga mkali, na mishale, kwa kuwa haina rangi, hupotea machoni.

Changanya tone moja la siki ya dukani na matone manne ya maji. Dondosha kidogo kwenye ukingo mmoja wa kioo, na ukingo wa pili gusisha karatasi ya tishu ili ivute. Mkazie macho paramesiamu aliye upande siki inakotokea. Ghafla atazungukwa na msitu wa sindano nyembamba zilizonyooka.

Usizichanganye na silia, yaani vinywele anavyoogelea navyo. Silia ni fupi na hupiga kasia. Sindano hizi hazichezi, na hufika mikromita 20 hadi 40.

Mwili ukivimba na kupasuka, siki ilikuwa kali: hicho ni kifo cha seli, si utoaji wa vifuko. Ongeza maji kwenye mchanganyiko, urudie kwa tone jipya. Tengeneza pia slaidi ya pili isiyo na siki. Sindano zikionekana na humo, basi kioo kimewabana kwa kuwa maji yamepungua. Ongeza tone pembeni.

Siki hii huwaua hata waliofyatua vizuri. Kwenye jaruba, aliyefyatua ili kumkwepa mwindaji huendelea kuogelea na hujijazia vifuko vipya kwa muda wa saa kadhaa.

Suuza slaidi na dropa kwa maji mengi kabla ya tone linalofuata. Siki kidogo iliyobaki hufanya wafyatue kabla hujapata hata muda wa kuinamia hadubini.